Mkeka, Mizani ya Viazi na Mgongo Wangu

Nyinyi wawili mnaochukua kiti changu pale dukani mmeniomba niwaachie maandishi kabla sijaanza kusahau. Mlichotaka hasa ni orodha ya vifaa. Orodha ipo nyuma ya mlango, nimeiandika kwa kalamu nyekundu, na karibu nusu yake haifai. Sikulijua hilo mpaka mwezi uliopita, nikiwa nimeshastaafu na kukabidhi funguo, kwa hiyo msinilaumu sana. Nitawaeleza jinsi orodha ile ilivyozaliwa, kisha mtaamua wenyewe muibandue au muiache.

Nilikuja kwenye kazi hii nikitokea sokoni Mahoko. Nilikuwa nauza caguwa, nguo na viatu vya mtumba, na katika marobota yangu yalikuwa yanatokea mabegi makubwa ya mgongoni yenye kamba nyingi ambazo hakuna aliyejua kazi yake. Watu waliyanunua kwa ajili ya watoto wa shule. Mimi nilikaa nayo mezani kutwa nzima nikivuta zipu na kupekua mifuko, mpaka nikawa naweza kukuambia zipu ipi itakufa kabla ya muhula kwisha. Wakati huo njia ya kutembea kwa miguu kando ya Kivu, ile inayoanzia hapa kwetu Gisenyi na kushuka kusini kilima baada ya kilima, ilikuwa imeanza kupata wageni. Likafunguliwa duka la kukodisha mahema na mabegi, na wenye duka wakawa wanatafuta mtu anayezijua zipu. Nikajipeleka.

Aliyenipokea alikuwa Papa Bahati, mzee wa Goma, aliyevuka mpaka wa Grande Barrière kila asubuhi na kurudi kila jioni kwa mke wake. Ujanani alipakia malori, na aliweza kuutazama mzigo akakuambia utaanguka kwenye kona ya ngapi. Mimi nimezaliwa na kukulia Karagwe, upande wa Tanzania, ndipo wazazi wakarudi huku, kwa hiyo Kiswahili changu kilimchekesha. Aliniita Madame Redio. Alidai kila nikifungua mdomo anasubiri taarifa ya habari.

Siku yangu ya kwanza alitandika mkeka sakafuni, akaning'iniza kwenye boriti mizani ya kupimia viazi aliyoipata Mahoko, akamwita mteja wa kwanza. Alikuwa kijana Mzungu aliyejifunza Kiswahili Arusha, mwenye begi refu kuliko mimi. Papa Bahati alilipindua begi lile juu ya mkeka bila kuomba ruhusa. Vikatoka vitu vya kutosha kuanzishia nyumba: mto wa kupuliza, kiti cha kukunja, paneli ya sola, tochi tatu, mashine ndogo ya kahawa na filimbi.

"Madame Redio, usimuulize kama kitu inasaidia," Papa Bahati akaniambia. "Kila kitu inasaidiaka. Muulize ataitumia siku gani, saa ngapi. Kama hana jibu, inabaki hapa."

Hiyo ndiyo elimu yote ya kazi hii, na sijapata kusikia nyingine iliyoizidi. Nikaanza kuuliza. Mashine ya kahawa ilikuwa na siku na saa, tena mara mbili kwa siku, ikapita. Kiti hakikuwa nazo. Nikaishika filimbi.

"Hiyo ni ya kufukuzia dubu," kijana akasema.

"Dubu?" Papa Bahati akamtazama kwa huruma. "Huku iko ngombe tu. Na kila ngombe iko na mwenyewe."

Kijana aling'ang'ania filimbi yake, tukamwachia. Baadaye tulisikia aliipiga mara moja tu, njiani, ili kuijaribu, na watoto wa vilima vitatu wakamfuata mpaka alipolala, wakisubiri mchezo uanze. Lakini kabla hajaondoka aliniuliza swali lililonitesa kwa miaka yangu yote ya kazi. Aliniuliza kama nimeshaitembea njia ile. Nilikuwa nafungua mdomo niseme hata mwanzo wake siujui, Papa Bahati akanitangulia.

"Huyu? Mara mingi."

Kijana akashusha mabega, akafunga begi lake kwa amani, akaenda. Nilimlalamikia mzee yule kwamba amenivisha uongo siku yangu ya kwanza. Hakushtuka hata kidogo.

"Mutu anaogopa njia," akasema. "Ukimwambia na we hauijue, mutakuwa wawili wenye kuogopa. Bon, utaitembea wiki kesho, itakuwa kweli."

Wiki ijayo haikufika. Sababu yake naiandika hapa kwa mara ya kwanza, nikiwa nimefunga mlango. Mimi naogopa ng'ombe. Najua nchi ninayoishi, na najua baba yangu alikuwa mfugaji ambaye aliwasifia ng'ombe wake kwa mashairi huku sisi watoto akitusahau majina. Lakini nikiwa na miaka saba ng'ombe mmoja wa jirani alinikimbiza kuzunguka nyumba mara mbili, na tangu siku hiyo nikiona pembe nageuza njia. Njia ile ya kando ya ziwa imejaa ng'ombe. Basi kila waongozaji wa safari waliponialika niende nao, niliushika mgongo wangu na kukunja uso. Mgongo wangu hauna tatizo lolote. Haujawahi kuwa nalo.

Mtaona ni jambo dogo, lakini kazi yangu yote ilisimama juu yake. Mgeni anakubali kumwaga siri za begi lake mbele yako, mpaka chupi zake, kwa sababu anaamini umepita anakokwenda. Waongozaji wakijua, wageni watajua. Wageni wakijua, mimi ni mwanamke wa caguwa anayewanyang'anya watu soksi. Nilikwenda kazini na woga huo kila asubuhi kama vile wengine wanavyokwenda na chakula cha mchana.

Papa Bahati alipochoka kuvuka mpaka kila siku aliniachia mkeka, mizani na kipimo chake cha mwisho, ambacho naomba msikiache. Mteja akishafunga begi, mpandisheni ule mteremko wa nyuma ya duka huku mnaongea naye. Akifika juu bado anaongea, begi ni zuri. Akinyamaza katikati, begi ni zito, rudini mkekani. Kipimo hiki hakijawahi kukosea, isipokuwa kwa watu wapole. Kuna bwana mmoja tulimrudisha mara nne, tukampunguzia mpaka jiko la gesi, ndipo mke wake akatuambia huyo hata nyumbani haongei.

Mengine nilijifunza peke yangu. Mwavuli unashinda koti la mvua la bei yoyote, kwa sababu kwenye vile vilima mtu aliyevaa koti analowa kwa jasho badala ya mvua. Kitenge kimoja ni taulo, shuka, pazia na kamba ya kufungia mkono uliovunjika. Pawabenki moja nzuri ni bora kuliko paneli ya sola, maana jua la Kivu halina ratiba. Nguo zikunjwe ndani ya kiroba cha unga kilichooshwa, kwa sababu mifuko ya plastiki hapa kwetu ni marufuku, na wageni wanaokuja nayo huipoteza mpakani halafu wanakuja kwetu na chupi zao mikononi. Taa ya kufunga kichwani ijaribiwe mchana, dukani, mbele ya mteja, betri zikiwa ndani. Viatu vipya vibaki nyumbani. Hayo yote bado nayaamini, na hakuna aliyeyapinga mpaka leo.

Kisha wakaja Sibo na Feza, ambao nyinyi mnawajua kama wakubwa zenu, lakini wakati huo walikuwa waongozaji wapya. Sibo alikuwa mrefu, mkimya, anabeba hema mbili kama mtu aliyebeba magazeti. Feza alikuwa binti wa kutoka Rubona, kule bandarini, mwenye maneno ya watu watatu. Nilimpenda upesi kwa sababu ya adabu yake. Kila asubuhi ya safari, wageni wakiwa wameshafungiwa mabegi, alisimama mbele yangu mlangoni.

"Mama Keza," ananiambia, "mugongo imeamkaje leo?"

Nikamweleza. Maumivu ya uongo yanataka maelezo mengi kuliko ya kweli, kwa hiyo nilimweleza kwa urefu: upande wa kushoto, kisha kulia, kisha yanashuka kiunoni mvua ikikaribia. Feza alisikiliza yote, akauliza maswali, akanishauri mafuta ya kuchua. Nilikuwa nasema moyoni kwamba huyu binti amelelewa.

Kesi yangu ngumu kuliko zote ililetwa na mtu wa hapa hapa mjini. Alikuwa ofisa wa serikali, bwana nadhifu sana, na hata jina lake sitaliandika. Sote tulimwita Muheshimiwa. Alitaka kutembea siku tano mpaka Karongi na wenzake wa ofisini. Nilipomwaga begi lake, kikatoka kibeseni, sabuni ya mche, kitambaa na brosi mbili za viatu, moja ya kuondolea tope na moja ya kung'arishia.

Nikamuuliza siku gani, saa ngapi.

"Kila siku," akasema. "Mama, mimi siwezi kuingia kwa mutaa na viatu vyenye tope. Watu watasema nini?"

Nyinyi mnajua jinsi tulivyo. Mtu wetu anaweza kushuka mlima kwenye mvua, akalala njaa, lakini akikaribia lami atainama kwenye mtaro aoshe viatu kabla hajaonekana. Wageni hawabebi brosi. Sisi ndio tunabeba. Nilibishana na Muheshimiwa saa nzima. Nilimwambia majani ya kando ya njia yanatosha, nimeyatumia mwenyewe mara nyingi. Mwisho alisalimu amri, akaacha kibeseni na brosi zake kwenye rafu ya stoo, akaondoka na uso wa mtu aliyeacha mtoto.

Siku tano baadaye ikaja picha yake kutoka Karongi. Viatu vilikuwa vinang'aa kuliko alivyoondoka navyo. Nikaibandika picha ile ukutani, nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika kwenye orodha: BROSI YA VIATU, HAPANA, MAJANI YANATOSHA. Kuanzia hapo nilipata kiburi. Niliandika TAULO, HAPANA. Niliandika CHUMVI, HAPANA, UTAIKUTA NJIANI. Niliandika SOKSI, PEA MOJA TU, ULIYOVAA. Na kila mgeni aliyerudi alirudi ameridhika, anacheka, miguu mizima, ananishukuru kwa jinsi begi lake lilivyokuwa jepesi. Sibo alikuwa ananitazama naandika, anakuna kichwa, hasemi neno.

Basi nikafikia kustaafu. Wakanifanyia sherehe pale uani, na soda, na brosheti za nyama, na wageni wanne waliokuwa wanaondoka kesho yake wakaalikwa. Feza akasimama kutoa zawadi. Niliona bahasha nikatabasamu mapema, nikidhani ni pesa za kununulia kitenge.

"Mama Keza ametuma watu kwa hii njia miaka yote, na anaipenda sana," akasema. "Ila mugongo ilimukatalia kuirudia. Donc, sisi tumemupangia. Siku tatu, na sisi wawili. Sibo atabeba begi yake."

Watu wakapiga makofi. Wale wageni wanne walipiga zaidi ya wote. Nikaushika mgongo wangu kwa mazoea, lakini Sibo alikuwa ameshasimama nyuma yangu na mkeka wa kulalia wenye sponji nene, anaonyesha jinsi utakavyonifaa. Hapakuwa na mlango wa kutokea.

Tuliondoka asubuhi, hali ya hewa nzuri kwa bahati mbaya. Mpaka Rubona nilikuwa jasiri. Nilisalimia watu bandarini, nikatoa maoni kuhusu begi la mtu tusiyemjua aliyekuwa anasubiri basi dogo la mjini. Tulikiacha nyuma kiwanda cha bia na harufu yake ya shayiri, tukaanza kupanda. Nilikuwa naelekeza vitu kwa fimbo. "Hapa pamebadilika," nilisema mara mbili, mbele ya miamba.

Kwenye kona ya tatu tukamkuta. Ng'ombe mmoja, mwekundu wa kukolea, pembe zake zinatosha kuanikia nguo za familia, amesimama katikati ya njia anatafuna. Mwenyewe haonekani. Kushoto ukingo wa mlima, kulia migomba inashuka mpaka ziwani. Nilisimama. Nikafungua mwavuli, na hapakuwa na mvua.

"Pita tu, Mama," Sibo akasema. "Itatoka."

Sikupita. Nilirudi hatua mbili, mwavuli nimeushika mbele kama ngao. Nikaona kwamba dakika hiyo hiyo kazi yangu yote inaisha, siku chache baada ya kuimaliza kwa heshima, na kwamba ni bora niimalize kwa mdomo wangu.

"Sibo," nikasema, "mimi sijawahi kupita hapa."

"Hapa kwa kona?"

"Hapa popote."

Sibo akamtazama Feza. Feza akamtazama ng'ombe.

"Tunajua, Mama," Feza akasema. "Tangu zamani."

Nikauliza nani aliwaambia. Nilidhani ni Papa Bahati.

"We mwenyewe. Uliandika soksi pea moja. Mutu mwenye alitembea hii njia hawezi kuandika soksi pea moja. Saa ine ya asubuhi iko imeloa."

Nikawaambia wageni wote walirudi miguu mizima. Nikawatajia Muheshimiwa na majani yake. Sibo, ambaye kwa mwaka mzima hasemi maneno zaidi ya kumi, akakaa chini juu ya begi langu, penye mayai ya kuchemsha, akaanza kueleza. Brosi za Muheshimiwa zilitoka dukani kabla yake. Zilipitia dirisha la stoo. Kibeseni nacho. Soksi zote, taulo zote, chumvi ya miaka yote, vilipita dirisha lile asubuhi, vikamfuata mwenyewe mpaka Rubona, akarudishiwa huko, akaombwa asiseme. Wakati wa kurudi vilioshwa na kuingia kwa dirisha lile lile, vikanisubiri kwenye rafu.

"Na mimi nilikuwa wapi?" nikauliza.

"Kwa mulango," Feza akasema polepole. "Unanielezea mugongo."

Ng'ombe akaendelea kutafuna.

"Mgongo wangu," nikaanza.

"Mugongo iko muzima, Mama. Unabebaka magunia ya hema peke yako."

Niliona aibu, aibu hasa, ile inayopanda masikioni. Niliwauliza kwa nini hawakunisema, kwa nini hawakuibandua ile orodha wakanicheka mara moja tukamaliza. Hapo Feza aliacha utani.

"Kuna wakati ulienda kwa harusi Goma, unakumbuka? Mugeni mumoja tulimufunga sisi. Begi ilikuwa sawa kabisa, kila kitu ndani. Ila njia yote anaogopa. Kila saa anauliza: na hii ikivunjika? Na ile ikipotea? Siku ya pili akalia, akarudi. Wageni wako hawaulizake. Umeisha kukaa nao chini, umeshika kila kitu yao, umewauliza yote. Wanafika Rubona hawana woga tena. Begi tunatengeneza sisi, Mama. Ile ingine hatuiweze."

Nililia kidogo. Feza akanipa taulo, ambalo kwa mujibu wa orodha halikupaswa kuwepo. Kisha akaniuliza kama ni ng'ombe. Nikasema ni ng'ombe. Akauliza kama ni miaka yote hiyo. Nikasema miaka yote hiyo. Sibo alicheka mpaka nikasikia mayai yanapasuka chini yake, halafu akasimama, akamgusa yule ng'ombe begani kama anayemwomba jirani asogee kwenye benchi, na ng'ombe akasogea. Nilipita macho yamefungwa, Feza ameshika mkono wangu wa kulia, mwavuli uko upande wa pembe.

Kwa hiyo orodha rekebisheni hivi. Soksi pea tatu. Taulo ruhusa, chumvi ruhusa, na mtu wetu yeyote akija na brosi ya viatu mwacheni nayo, maana kuna kutembea na kuna kufika. Komeo bovu la dirisha la stoo msilitengeneze. Lakini mkeka mtandike kila siku, na msiwe na haraka. Shikeni kila kitu mkononi, ulizeni siku gani na saa ngapi, na msikilize jibu mpaka mwisho hata kama mnalijua, kwa sababu mtu anayewaeleza kuhusu filimbi yake mara nyingi anawaeleza anachokiogopa.

Mnataka kujua kama nilimaliza siku zangu tatu. Siku ya kwanza niliimaliza yote, kwa miguu yangu, na Sibo ni shahidi. Siku ya pili nilitembea kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili na robo, tukakutana na kundi zima linashuka kunywa maji ziwani, na nikarudi Gisenyi kwa pikipiki. Sibo na Feza walinifichia lile kubwa miaka yote bila kuombwa. Nyinyi nawaomba mnifichie hili dogo.